Yule kijana wa diskasheni

Mama, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa dukani simu iko sikioni wateja wananishangaa tu. Umeuliza ufanyeje na huyo wa mwaka wa kwanza unayemwelekeza hesabu, anakuja kachelewa, anachati, halafu juzi kakwambia mbele ya wenzake "we mwenyewe mwaka wa pili tu unajifanya lekchara", ukabeba daftari zako ukaondoka.

Kuondoka sikulaumu, mi nilifanya vibaya zaidi. Nikiwa kidato cha pili mwalimu wa hesabu hatuna, usiku prepo tunasoma kwa chemli na mimi ndo nawaelekeza wenzangu. Sasa kuna jamaa kila nikishika chaki anaigiza sauti yangu, watu mbavu hawana. Siku hiyo nikamwita mbele, haya fanya wewe, 2/3 jumlisha 1/4. Akaandika 3/7. Darasa zima likaangua kicheko na mimi nikiwemo, akaiweka chaki taratibu, akatoka, prepo hakuja tena.

Miaka ikapita nikamkuta anauza mbao, nusu na robo inchi anazijumlisha kichwani huku anaongea na simu. Akanambia, KDS (kigawe kidogo cha shirika, ile ya kujumlishia sehemu) mi nilikuwa naijua tangu shule ya msingi, hiyo LCM yenu ndo sikujua ni mdudu gani, kumbe ni KDS hiyohiyo kwa Kiingereza, na ningeuliza vipi mbele ya wale wasichana?

Kwa hiyo wa kwako usimbane mbele za watu. Mfuate pembeni, hata pale kwa mama ntilie, muulize kwenye testi swali gani lilimkaba, mwambie alisome kisha akueleze kwa Kiswahili linataka nini, hapo utajua amekwama kwenye hesabu au kwenye Kiingereza. Kalamu ashike yeye, ya kwako iache kwenye begi (najua mkono wako unavyowasha ukiona mtu anakosea). Akikutumia asaimenti saa sita usiku umfanyie, usifanye, mtungie inayofanana namba tofauti, mkimaliza hiyo, ya kwake akapambane nayo mwenyewe.

Ila akikutukana tena au kukutisha, hapo hakuna cha pembeni wala chai, nenda kwa lekchara wenu umwambie, we hulipwi hata mia.

Nimekurushia elfu kumi, kunyweni chai wawili. Mama yako nimemwambia ni ya fotokopi.