Kwa nini platinamu huishika guanini?

SWALI: Nasoma kemia mwaka wa 3 hapa Nairobi. Tunafundishwa kwamba sisplatini, dawa ya saratani yenye platinamu, hushika naitrojeni namba 7 (N7) ya guanini, mojawapo ya besi nne za DNA. DNA imejaa naitrojeni, mbona iwe hiyo? Transiplatini ina atomu zilezile, mbona si dawa? Na je, metali zote huenda hapo?

JIBU: Chukua penseli, dada, uchore jozi ya guanini na sitosini, besi mwenzake kwenye uzi wa pili wa DNA. N1 ya guanini iko kwenye bondi ya haidrojeni na sitosini. N9 imefungwa kwenye sukari. N3 imejificha kwenye mfereji mwembamba, mmoja wa mifereji miwili inayozunguka DNA, hapafikiki kwa urahisi. N7 ndiyo imebaki wazi kwenye mfereji mpana, jozi yake ya elektroni haina kazi.

Utasema adenini, besi nyingine ya DNA, nayo ina N7 iliyo wazi. Kweli, na platinamu huishika pia, ila mara chache zaidi. N7 ya guanini ina elektroni za kutoa kwa wepesi zaidi, halafu jirani yake ni oksijeni, O6, ambayo huvuta haidrojeni za amonia iliyoshikamana na platinamu. Kwa adenini, mahali hapo pana NH₂, ambayo haina mwaliko huo.

Lakini kabla ya kufika huko, sisplatini, ambayo ni platinamu iliyoshika amonia mbili na kloridi mbili, lazima iachie kloridi. Kwenye damu kloridi ni nyingi, kama milimola 100 kwa lita, kwa hiyo haing'oki ovyo. Ndani ya seli ni chache mno. Maji huchukua nafasi yake, na maji ni rahisi kusukumwa na N7. Mimi ni mfamasia, na hili naliishi kila siku: sisplatini huchanganywa kwenye dripu ya chumvi. Agizo likija na glukosi tupu, nalirudisha, maana pasipo kloridi dawa huanza kubadilika ikiwa bado kwenye mfuko wa dripu.

Kuhusu transiplatini, fikiria umesimama ndani ya matatu. Mikono yote miwili ikiwa mbele, unashika vyuma viwili vilivyokaribiana bila taabu. Ukiitanua huku na huku, huwezi. Kloridi za sisplatini zimekaa upande mmoja, nyuzi 90, kwa hiyo hufunga guanini mbili zinazofuatana kwenye uzi uleule. Vifungo vya namna hiyo ni takriban asilimia 65 ya vyote. DNA hupinda hapo kwa nyuzi 30 na ushei, na seli hukwama inapotaka kuinakili. Transiplatini hushika guanini pia, ila kloridi zake zinatazamana, nyuzi 180, kwa hiyo haiwezi kufunga majirani hao wawili.

Metali zote? Hapana. Magnesiamu hupenda oksijeni za fosfati, nje kwenye uti wa mgongo wa DNA. Zebaki ndiyo ya ajabu: hung'oa haidrojeni kwenye N3 ya thaimini, besi ya nne ya DNA, ikajibana katikati ya thaimini mbili zinazotazamana, mahali ambapo kwa kawaida haziwezi hata kuwa jozi.