Kabla hujanunua bunduki kwenye maonyesho ya Texas

Ukiishi Texas, hata kama umetoka Tanga au Bukavu na hujawahi kushika bunduki maishani, iko siku mfanyakazi mwenzako atakualika kwenye maonyesho ya bunduki. Mimi nimeshaenda mara kadhaa na sioni ubaya kwenda. Mlangoni, aliyekuja na bunduki yake inakaguliwa, kisha inafungwa ukanda wa plastiki ili isiweze kufyatuka. Ndani ni meza kwa meza: bastola, visu, risasi, hadi nyama ya kukausha. Kati ya meza hizo anapita mzee kaning'iniza bunduki begani, karatasi ya bei imechomekwa kwenye mtutu. Huyo hana duka, anauza ya kwake. Ubishi wote unaousikia kwenye televisheni kuhusu maonyesho haya unamhusu yeye.

Wenye meza wengi ni wafanyabiashara wenye leseni. Kwao utajaza fomu ya serikali ya taifa namba 4473 na kwa kawaida rekodi zako zitaangaliwa kupitia mfumo wa FBI, shirika la upelelezi la taifa, ulioanza Novemba 1998 kutokana na Sheria ya Brady ya 1993, iliyoagiza wanunuzi wakaguliwe. Yule mzee, sheria ya taifa haimdai hayo. Inamkataza kumuuzia mkazi wa jimbo lingine, au mtu ambaye yeye muuzaji anajua, ama ana sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi kuwa na silaha. Sasa asipouliza, atajuaje? Wengine huomba kuona leseni yako ya udereva ya Texas. Wengine wanahesabu hela tu, basi.

Bunduki tatu kati ya zilizotumika kwenye mauaji ya shule ya Columbine, jimbo la Colorado, mwaka 1999 zilinunuliwa hivyo hivyo, na rafiki wa wauaji aliyekuwa na miaka 18. Mwaka uliofuata wapiga kura wa Colorado waliuziba mwanya huo katika jimbo lao. Bungeni Washington mambo yalikwama: Aprili 2013, miezi michache baada ya watoto 20 kuuawa kwenye shule ya Sandy Hook, muswada wa kukagua wanunuzi kwenye maonyesho ulipata kura 54 za Seneti wakati zilihitajika 60.

Wapinzani wa ukaguzi huo wana hoja, tusiwadharau. Wizara ya Sheria iliwahoji wafungwa mwaka 2016, na kati ya waliokuwa na bunduki walipotenda kosa, asilimia 0.8 tu waliipata kwenye maonyesho. Asilimia 43 waliipata mitaani. Ila bunduki ya mtaani nayo ilitokea mahali, na mahali pasipo na karatasi hapafuatiliki. Mimi niko upande wa kukagua kila mnunuzi.

Lakini sisi wageni tusisubiri wabunge. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na kibali halali cha uwindaji. Asiye na makaratasi, ndiyo kabisa. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, anaruhusiwa, ila akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki anaweza kufukuzwa nchini. Mzee akikuuzia bila kukuuliza hajakuhalalishia kitu. Kesi ikija ni yako.

Kwa hiyo nunua kwa mwenye leseni, hata kama bei imezidi kidogo. Soma maswali ya ile fomu kabla hujaandika chochote, maana kudanganya humo ni kosa la jinai. Ukikutana na swali linalokugusa, weka kalamu chini ukamwone kwanza wakili wa uhamiaji.

Halafu kuna shemeji, au kijana wa kanisani, atakayekufuata na pesa mkononi: "Kaka, wewe una grinikadi, nichukulie moja." Kataa, hata akinuna mwaka mzima. Kumnunulia kwa jina lako mtu asiyeruhusiwa kuwa na silaha, ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini hivyo, ni kosa ambalo sheria ya Juni 2022 imeliwekea kifungo cha hadi miaka 15.

Ukitaka kuuza ya kwako, usiwe wewe yule mzee. Mpeleke mnunuzi kwenye duka lenye leseni, wamkague na kuwaandikishia hapo hapo. Wanatoza ada, na mnaweza kukubaliana mapema nani ataitoa.