Je, Kusimulia Visa vya Watu wa Njiani ni Kusengenya?

SWALI: Assalaam alaikum, mhariri. Kila ninapotumwa sokoni Darajani au ninapopanda daladala hurudi nyumbani na kisa cha mtu nisiyemjua, na jioni nikikisimulia watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi yangu hapendi, na huniambia kuwa huko ni kusengenya. Isitoshe, nimejaribu kuviandika visa hivyo, lakini vikiwa katika karatasi havichekeshi hata kidogo. Naomba unieleze kama ninakosea, na namna ya kuviandika. Msomaji wa Kikwajuni, Zanzibar.

JIBU: Waalaikumu ssalaam. Hofu ya shangazi yako ina msingi. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza watu kuwadharau wenzao, ya 12 inakataza kusengenyana, na Mtume (S.A.W.) ameieleza ghiba kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Kwa hiyo usijitetee kwa kusema kwamba humjui uliyemsimulia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 wamo katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ni watu wengi, lakini huyo unayemwona mgeni huenda akawa shemeji wa jirani yako au alisoma skuli moja na kaka yako, na ukishataja kofia yake, bakora yake na kituo anachoshukia, kabla ya sala ya Isha atakuwa ameshajulikana.

Hata hivyo, sikubali kuwa kila kisa cha njiani ni ghiba. Kigugumizi cha mtu, mwendo wake, nguo yake iliyochakaa, au umaskini unaomfanya mama ahesabu sarafu mara mbili mbele ya muuza dagaa, hayo hayachekewi. Lakini yapo mambo ambayo mwenyewe, lau angekuwepo barazani, angekuwa wa mwanzo kuyacheka.

Msimu wa doriani, bibi mmoja alipanda gari ya Bububu pale Darajani akiwa na kikapu alichokifunika kwa kanga mbili, akatoa salamu, akaketi, akakipakata. Gari haijafika Kinazini, abiria wote walikwishajua kilichomo, na hakuna aliyesema neno. Wanaolipenda tunda hilo walikuwa wakimeza mate, na wasiolipenda walikuwa wameelekeza nyuso zao madirishani kama wanaotafuta nyumba ya mtu. Utingo alipofika kukusanya nauli alimwamkia, kisha akamuuliza kwa upole, "Bibi, na huyo mwenzako unamlipia?" Bibi akajibu bila ya kugeuka, "Huyu nimempakata, na mtoto wa kupakatwa halipi nauli." Gari nzima ikaangua kicheko, na sauti ya bibi ndiyo iliyosikika juu ya zote.

Hapo hakuna aliyedhalilishwa, na hapo hapo pana jibu la swali lako la pili. Unaposimulia kwa mdomo unasaidiwa na macho, mikono na sauti, tena wanaokusikiliza wanaijua gari hiyo na harufu hiyo. Karatasi haina mikono, na ndiyo maana wengi wetu huanza kwa kumtangazia msomaji kwamba kinakuja kichekesho, halafu tukaongeza chumvi ili kisimpite. Lau ningeandika kuwa bibi mcheshi alibeba doriani lililonuka vibaya sana, kisa kingekufa pale pale, kwa sababu utamu wake umo katika zile kanga mbili: zinaonesha kuwa bibi aliijua harufu tangu nyumbani na alijitahidi kuwasitiri wenzake. Jambo dogo kama hilo ndilo la kulitafuta. Na maneno ya watu yaache kama walivyoyasema, hata kama wewe unaona ungeyapanga vizuri zaidi.

Marikiti ya Darajani, ambayo imekuwa ikiwakusanya watu tangu mwaka 1904, itakupa visa zaidi ya unavyoweza kuviandika, kwa sababu pale watu hawanong'oni. Utamwona mzee akipigania shilingi mia mbili katika fungu la muhogo mpaka jua likamgeukia, kisha akaondoka na ushindi wake na kumpa omba omba wa mlangoni shilingi mia tano bila ya kusimama. Usimwite bahili, wala usimwite karimu. Andika alivyoutikisa muhogo, alivyokwenda hatua tatu na kurudi, na mkono ulivyotoka mfukoni. Msomaji atacheka na atampenda kwa wakati mmoja, na mimi naamini kuwa uandishi wa namna hiyo unatufaa sana katika mji ambao tunapishana kila siku bila ya kutazamana.

Jambo moja nalikataa kabisa, nalo ni kumpiga mtu picha au kumrikodi kwa simu bila ya idhini yake. Kalamu inaweza kumbadilishia kofia, kituo na siku, lakini picha haiwezi kumsitiri.

Mwisho, kiandike kisa siku ile ile, tena kabla hujakisimulia. Ukishakisimulia mara mbili tatu, utakayoyakumbuka ni maneno yako yaliyowachekesha watu jioni, na yale ya bibi wa kikapu yatakuwa yamekupotea.