Weka hiyo silikoni chini kwanza

Mkuu, acha. Usikamue hata tone. Nimesoma swali lako asubuhi hii na chai imenipolea mezani.

Umeandika kwamba una boti ya faiba ya mwaka 1976 hapo Port Bell, umeshafungua vyuma vyote vya juu, na unataka kujua mambo manne: krome iliyochakaa inarudishwaje, mpira wa ule ukanda wa ubavuni unapatikana wapi, mbao za pembeni zipakwe vanishi gani, halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, ukauliza kama mirija mitatu ya silikoni uliyonunua duka la vifaa vya ujenzi itatosha kurudishia kila kitu kwenye matundu yaleyale. Na kliti moja ya nyuma, kile chuma cha kufungia kamba, umeshaijaribu. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitini.

Yangu ni ya mwaka 1973, futi 21, imetoka Uingereza, ina kijumba kidogo mbele. Nilirudishia vyuma vyake hapa Entebbe Agosti 2018, kwa silikoni kama hiyo yako, kwenye matundu yaleyale. Ikapendeza mno. Kliti sita za krome, vishikio vya mkono, bawaba za mfuniko wa mbele, fremu ya kioo, taa ya omo kule mbele. Watu walikuja mwaloni kupiga picha nayo. Kufika katikati ya 2020 nilikuwa nimeshika grainda naikata sitaha ya mbele, kipande kikubwa kuliko mlango wa chumba, na ndani nachota mbao kwa viganja kama uji mzito.

Nilivyogundua ni hivi. Machi 2020 tulifungiwa kwa sababu ya korona, magari yakasimamishwa, sikuweza kufika mwaloni. Ziwa Victoria nalo likapanda. Mwezi Mei kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, na mialo mingi ikazama. Usiku nilikuwa naota boti imechukuliwa na maji. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kutembea nikaenda, nikaikuta imekaa salama kwenye trela yake juu ya kilima. Nikashukuru Mungu. Nikapanda mbele kufungua turubai, nikakanyaga kando ya kliti ya kushoto, na mguu ukadidimia kidogo, kama umekanyaga ukingo wa godoro. Nikatazama chini. Kwenye kichwa cha skrubu palikuwa na kiduara cha maji ya rangi ya chai, yananuka gunia lililolowa. Nikainua mguu, yakarudi ndani. Nikakanyaga tena, yakatoka tena. Jua lilikuwa kali na mvua haikunyesha siku ile. Maji yale yalikuwa yanaishi mle ndani.

Sasa elewa kwa nini, maana hakuna aliyewahi kunieleza. Sitaha ya boti nyingi za miaka ile ina tabaka tatu. Juu kuna faiba nyembamba, chini faiba nyembamba, katikati kuna balsa, ule ubao mwepesi sana, au plaiwudi. Ndivyo walivyopata sitaha nyepesi isiyoyumba. Balsa ikiwa kavu inaweza kukuzika wewe na mimi. Lakini kila tundu la skrubu ni mlango wa kuingia kwenye ubao huo, na kliti moja ina milango minne. Kamba inavuta kliti, wimbi linavuta, chuma kinacheza unene wa unywele, na silikoni haishiki jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa la faiba, kwa nguvu ya kuvumilia mchezo huo. Inabanduka kimya kimya. Kwa juu unaona ukingo mweupe safi umekaa vizuri, kumbe chini yake maji yanafuata nyuzi za skrubu hadi kwenye balsa. Yakishaingia hayana pa kutokea, yamebanwa na faiba pande zote mbili.

Na huku kwetu hakuna baridi ya kuuzuia ukungu. Entebbe ni nyuzi 17 hadi 28 mwaka mzima, hali ya hewa anayoiomba ukungu wa mbao usiku na mchana. Tuna mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Boti yangu ilipigwa na misimu minne tu baada ya silikoni, basi.

Tena nilifanya kosa la pili juu ya la kwanza: sikukausha. Balsa ilikuwa na unyevu wa miaka kabla sijainunua, nami nikaufungia ndani kwa mikono yangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, nikajenga ukuta vilevile.

Aliyenishauri ni fundi mmoja mzee wa mitumbwi, mtu aliyeheshimiwa mwalo mzima, na bado nina uchungu naye. Alinitazama usoni akasema, "Tundu limeshakuwepo miaka arobaini, kwa nini ulisumbue?" Nikamwamini kwa sababu ya mvi zake. Mitumbwi ya mbao aliijua kuliko mtu yeyote: mbao ikinywa maji inavimba, inabana, mtumbwi unajiziba wenyewe, na penye nafasi unakalafati kwa pamba. Kwake maji kidogo ni rafiki. Kwa hiyo faiba yenye balsa ndani akaitibu kama mtumbwi wa visiwa vya Ssese. Angesema tu, "Kijana, hii siijui," ningemlipa hata kwa neno hilo. Na yule muuza duka ndiye mbaya zaidi. Nilimwambia wazi ni ya boti, akanigongea mrija mezani: "Hii inaziba hata bafu, boti itaishinda?" Akaniongezea na skrubu "zisizoshika kutu". Nilipozifungua, kichwa kilikuwa kinang'aa na shingo imeliwa ikabaki kama sindano. Zilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Mrija mmoja wakati ule ulinigharimu shilingi 15,000. Kukata, kukausha, balsa mpya, faiba, epoksi, rangi na mafundi: milioni nne na ushee, na miezi saba bila kuingia majini. Mwanangu alikaa muda wote huo bila safari ya visiwani niliyomwahidi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na ningeomba uibandike ukutani: chuma hakirudi kwenye sitaha mpaka tundu lake limechimbwa, likajazwa epoksi, ile gundi ya makopo mawili inayoganda ngumu, likatobolewa upya. Kila tundu. Hata la taa. Hata la ile nembo ndogo ya ubavuni.

Inafanyika hivi. Kama bolti yako ni ya milimita 6, panua tundu la juu hadi milimita 12 au zaidi, upite faiba ya juu na balsa, lakini faiba ya chini usiiguse zaidi ya tundu lililopo. Chukua msumari, ukunje ncha kwa pembe ya mraba, ufunge kwenye drili, uuzungushe ndani taratibu. Utakula balsa pembeni mwa tundu, chini ya faiba, bila kupanua mdomo. Angalia kinachotoka. Vumbi jeupe kavu, mshukuru Mungu. Uji wa kahawia, simama hapo hapo, kazi yako imebadilika. Yakiwa makavu kwa macho bado usiamini: bandika kipande cha nailoni angavu juu ya tundu jioni, uzibe kingo zake kwa utepe, asubuhi ukikuta matone kwa ndani, bado. Mimi safari ya pili nilisubiri wiki tano chini ya bati, na taa ya joto usiku, mpaka nailoni ikaamka kavu siku tatu mfululizo.

Ndipo unaziba chini kwa utepe, unapaka epoksi nyepesi ndani ya tundu mpaka balsa ishibe, kisha unajaza epoksi iliyokolezwa kwa unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Sema epoksi, rudia epoksi. Wauza faiba wa Kampala watakupa ile ya poliesta ya matangi na bodi za magari, kwa sababu ndiyo wanayoiuza kila siku. Ile husinyaa ikikauka na haishiki vizuri kwenye faiba ya zamani. Changanya kwa mizani, kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, na uchanganye kidogo kidogo kivulini. Kwa joto letu kikombe kilichojaa kinachemka mkononi. Changu kimoja kilitoa moshi kikayeyusha kikombe nikakitupa kwenye mchanga.

Iache siku mbili. Toboa milimita 6 katikati ya epoksi hiyo. Sasa bolti inapita ndani ya jiwe, haioni balsa kabisa. Hata kiziba kikija kushindwa baada ya miaka kumi, tone litaanguka ndani ya kijumba na utaliona, badala ya kuozesha sitaha kwa siri. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yote hii, mkuu. Kiziba chochote kitashindwa siku moja. Swali ni maji yataingia wapi kikishindwa.

Mdomo wa tundu upanue kidogo kwa drili pana uwe kama sahani, kisha tumia utepe wa butili, ule wa kijivu unaonyumbulika kama chingamu. Wangu ulitoka Mtwapa, binamu yangu aliupakia kwenye basi la Mombasa. Uzungushe kwenye shingo ya bolti, tandika mwingine chini ya kliti, kaza kidogo leo, kidogo kesho, kidogo keshokutwa, ukate kinachotoka pembeni. Zungusha nati ya chini, bolti ya juu uishike isigeuke, la sivyo unauchana utepe. Butili haigandi, kwa hiyo inacheza pamoja na chuma. Isitumike chini ya maji wala karibu na petroli. Na asije mtu akakuuzia 3M 5200 kwa kliti. Ile ni gundi ya kudumu, siku ukitaka kuifungua utang'oa jelikoti pamoja nayo. Kwa ndani weka bamba la alumini au stenlesi chini ya nati, wosha ndogo peke yake haitoshi. Bolti tazama kichwani: ikiandikwa A4 hiyo ndiyo stenlesi ya daraja la 316, inunue. Haijaandikwa kitu, irudishe. Ikipita kwenye alumini kama fremu ya kioo, paka grisi ya kutenganisha, metali hizo mbili zikilowa pamoja alumini ndiyo inayoliwa.

Ile kliti ya nyuma uliyoshaiweka, ing'oe leo ingali laini. Silikoni ukianza kuipiga msasa unaisugua ndani ya jelikoti, na hakuna rangi wala kiziba kitakachoshika hapo tena. Kwangua kwanza kwa plastiki, halafu dawa ya kuondoa silikoni, halafu spiriti kwa kitambaa safi, na kitambaa kikigusa mara moja kitupe. Mwagia maji: yakikimbia na kujikusanya matone sehemu moja, bado ipo. Na kama silikoni yako ina harufu ya siki, ile harufu ni tindikali inayotoka inapokauka, na inaunguza shaba na zinki iliyo chini ya hiyo krome yako unayotaka kuing'arisha.

Krome, basi, kwa kifupi. Geuza kila kipande ukwangue kidogo mgongoni kwa kisu. Ukiona njano ni shaba, inaweza kupelekwa kupakwa upya. Ukiona kijivu na kipande ni chepesi kuliko ulivyotarajia, ni aloi ya zinki, na hapo usimpe fundi yeyote wa Katwe aitie moto wala tindikali. Inayeyuka karibu nyuzi 380, shaba bado hata haijapata habari. Bawaba yangu moja ilirudi kama tonge. Zenye vidonda vyeupe hazitengenezeki kwa kupolishi, tafuta nyingine.

Lakini hayo yatasubiri. Leo jioni chukua mpini wa bisibisi, ugonge sitaha yote kuanzia omo kurudi nyuma, kila inchi nne. Penye afya pataita "ko ko ko". Pakiitika "bu", weka alama ya chaki, halafu pigia picha hizo alama uziweke hapa. Jumamosi nipo huru, natoka Entebbe saa mbili asubuhi na drili na ule msumari wangu uliokunjwa. Ila nikikuta silikoni kwenye tundu la pili, nageuza gari.