Maswali na majibu: Mashine kabla ya klasta

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaosimika klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) moja kwa moja juu ya seva zenyewe, bila mashine pepe katikati.

Shikamoo mtaalamu. Ofisini kwetu Mtumba tumepokea seva tatu za modeli moja. Kuna haja ya kuingia kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe) ya kila moja?

Marahaba. Haja ipo, tena kubwa. Modeli moja haimaanishi mipangilio ni ileile. Utakuta moja ina femuwea (programu ya ndani ya kifaa) mpya kuliko wenzake, nyingine inawaka kwa mtindo wa zamani badala ya UEFI, ule mpya, na ya tatu uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa. Tofauti ndogo kama hizi hula siku nzima za watu: nodi, yaani seva za klasta, mbili zinajiunga, ya tatu inagoma, na lawama zote zinaenda kwenye programu.

Anzeni na femuwea, kwa sababu kuisasisha kunaweza kurudisha baadhi ya mipangilio ya kiwandani. Kisha wekeni UEFI kwa zote na pigeni picha kila ukurasa wa menyu. Kama seva zenu zina Redfish (njia sanifu ya kusimamia seva kwa mbali), chukueni mipangilio yote kupitia mtandao, ihifadhini kwenye mafaili, kisha yalinganisheni. Mstari unaotofautiana utauona mara moja.

Nilielekeza mfumo usakinishwe kwenye /dev/sda. Kwenye nodi moja hiyo ilikuwa diski ya data, na yote imefutika. Nijikinge vipi? – Msomaji, Singida

Pole sana ndugu yangu. Hilo linaumiza, na halijakupata peke yako.

Linux hugawa majina ya sda na sdb kwa kufuata diski iliyotambuliwa kwanza. Ukizima na kuwasha, ukiongeza diski au kubadilisha kadi, sda ya jana yaweza kuwa sdb leo. Usilitegemee jina hilo hata siku moja. Tumia kitambulisho cha diski kisichobadilika: namba ya kiwandani (serial) au WWN, namba ya kipekee ya diski duniani. Washa kila seva kwa Linux ya kwenye flashi na uandike:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,WWN`

Nakili WWN ya diski ya mfumo ya kila nodi, kisha iweke kwenye faili la usakinishaji. Kwa wanaotumia Metal3 au OpenShift (programu za kusimika klasta), sehemu yake ni `rootDeviceHints`. Kuchagua kwa ukubwa pia kunaruhusiwa, lakini diski mbili zikilingana ukubwa umerudi kulekule.

Kuna mtego mmoja hapa. Diski zikiwa nyuma ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa ziwe moja), Linux huona diski moja iliyoundwa na kadi, kwa hiyo namba iliyo kwenye kibandiko cha diski haitalingana na unachokiona. Unda RAID 1 (diski mbili zenye nakala ileile) ya mfumo kwanza, ndipo usome WWN. Ukiifuta na kuiunda upya, isome tena. Diski za Ceph, mfumo wa kuhifadhi data wa klasta, ziache kadi izipitishe zilivyo, bila RAID.

Na kama data haina nakala kwingine, chomoa diski zake kabla ya kusakinisha. Ni kazi ya dakika chache tu.

Nodi ya pili na ya tatu zinakataa kujiunga. Zinadai cheti (hati ya kidijitali ya kuthibitisha nodi) hakijaanza kutumika. – Msomaji, Nzuguni

Angalieni saa ya nodi ya kwanza, ile iliyotoa vyeti. Nahisi aliyeiandaa aliweka saa ya BIOS kwa kufuata saa ya ukutani. Linux ya seva kwa kawaida huichukua saa ya BIOS kuwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele ya UTC. Kwa hiyo cheti kimeandikwa kuwa kinaanza saa tatu baadaye, na wenzake wana haki ya kukikataa. Andikeni `timedatectl` kwenye kila nodi na mtazame mstari wa RTC, yaani saa ya BIOS. Rekebisheni, washeni chrony (programu ya kulinganisha saa kupitia mtandao), kisha tengenezeni vyeti upya.

Umeme ukikatika usiku, asubuhi tunakuta seva mbili zinafanya kazi na moja imezimika. – Msomaji, Kongwa

Kwenye BIOS au BMC (kompyuta ndogo ndani ya seva ya kuisimamia kwa mbali) kuna mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi: ibaki imezimwa, irudi ilivyokuwa, au iwake. Hiyo moja bila shaka imewekwa ibaki imezimwa. Wekeni zote ziwake, kwa kupishana sekunde kadhaa ili zisivute umeme kwa pamoja. Msilichukulie kwa wepesi: etcd (hifadhidata ya klasta) ya nodi tatu hustahimili kupotea kwa moja tu, kwa hiyo asubuhi hizo mmekuwa mkifanya kazi bila akiba yoyote.

BMC tuiunganishe na intaneti ili tuifikie tukiwa nyumbani? – Msomaji, Manyoni

Hapana. Anayeishika BMC anaishika seva nzima, hata ikiwa imezimwa. Ipeni mtandao wake wa ndani, ifikieni kwa VPN, na badilisheni nywila ya kiwandani kabla ya seva kuingia kwenye kabati.