Soli imebaki Bigo, nishone buti au nitupe?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpagazi huku Nyakalengija, Kasese, nabeba mizigo ya wageni Rwenzori. Kuna mgeni alimaliza safari akaniachia buti zake za mlima, ngozi nzito, hazina hata mkwaruzo, akasema alinunua zamani sana ila hakuzivaa. Nikazifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikaweka chini ya kitanda mwaka mzima. Juzi nimezivaa, kufika matope ya Bigo soli ya kulia ikabaki humo mi nikatoka na mguu, kabla ya kambi ya Bujuku na ya kushoto ikafuata. Nilipaka supaglu usiku, asubuhi hatujaenda mbali imebanduka. Fundi wa hapa anataka kuniwekea soli ya tairi. Nishone au nitupe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, hayo matope nayajua yanavyovuta.

Buti zako hazijachakaa kwa kutembea, zimeoza kwa kukaa. Kati ya ile soli nyeusi ya chini na ngozi kuna kitu laini cha kupunguza kishindo, kwenye buti nyingi za mlima ni poliyurethini, mafundi wanaita PU, na hiyo inakula unyevu wa hewani polepole mpaka inavunjika yenyewe, umevaa hujavaa, ikishapita miaka mitano mpaka kumi hivi usiiamini. Sasa wewe ukaifungia kwenye kaveera na jasho lake, ndo ukaimaliza kabisa. Bonyeza hapo kati kwa kidole gumba, ikibonyea na kumomonyoka kama keki ya wiki jana basi ni hiyo. Supaglu ilishika vizuri tu, ila ilishika unga, na unga ndo ukaachia, tena ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, mguu ukikunja inapasuka.

Kama ngozi haijapasuka na kile kibao cha ndani chini ya unyayo hakijalegea, usitupe. Fundi akwangue ule unga WOTE, asibakize hata kidogo, apige msasa, halafu aweke kipande kipya cha kati cha EVA ngumu, ile sponji ya viatu, au raba, PU tena hapana. Gundi ya viatu apake pande zote mbili, asubiri mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndo abandike agonge na nyundo, afunge na mpira wa tyubu aache hivyo mpaka kesho. Halafu ashone kuzunguka. Misumari akatae, inapenyeza maji na siku moja itakutoboa kisigino.

Soli ya tairi mi siikatai, kwa kutembea kijijini itakuzika. Lakini we unapanda na wageni mpaka kilele cha Margherita, mita 5,109, na pale juu ya kambi ya Elena kuna barafu unafunga kramponi, vile vyuma vya meno vya chini ya buti, kramponi inataka buti ngumu isiyokunja, ukifunga kwenye buti laini inacheza mpaka inachomoka, na hapo sio mahali pa kuchomokewa. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi shika buti mbele na nyuma ujaribu kuikunja kwa mikono. Ikikunja kirahisi, hiyo ni ya sokoni na kanisani, kwa barafu tafuta nyingine. Ukienda soko la Owino Kampala ukakuta za mitumba zinang'aa, kumbuka kidole gumba, mi mwenyewe nilishaleta nyumbani buti nzuri ajabu na zikafia kwenye ngazi za nyumba.

Na huko Bigo vaa gambuti kama wenzako, hizo buti zibebe mgongoni mpaka Elena. Zikilowa usizianike karibu na jiko la kibandani, joto linalegeza gundi na kukausha ngozi, we toa lile godoro la ndani, jaza magazeti, badilisha yakilowa. Kaveera peleka sokoni.