Maswali ya Wasomaji: Elliott Smith, kutoka wimbo mmoja hadi albamu sita

Safari hii barua nyingi zimemhusu mtu mmoja, Elliott Smith, mtunzi na mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1969, akajijengea jina katika mji wa Portland, Oregon, na kufariki Los Angeles tarehe 21 Oktoba 2003 akiwa na miaka 34. Tumechagua barua sita.

Mhariri, salaam. Nimesikia wimbo mmoja tu, "Between the Bars", na tangu hapo sijatulia. Nikifungua programu ya muziki nakutana na albamu, matoleo ya nyongeza, mikusanyo na rekodi za jukwaani. Nianzie wapi? Nifuate miaka?

Usifuate miaka, ndugu yetu. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na wengi huishia kwenye albamu ya kwanza. Huyu si mtunzi wa kuchosha kwa wingi: albamu za studio ni sita, nyimbo 78, kama saa nne na dakika ishirini kwa jumla. Kinachowakwamisha watu ni kuzishika kwa mpangilio usiofaa.

Anza na Either/Or ya mwaka 1997, kwa sababu tayari una mguu mmoja ndani: "Between the Bars" ndio wimbo wa nne. Isikilize kutoka "Speed Trials" hadi "Say Yes", nyimbo kumi na mbili, dakika 37, bila kuruka. Kabla ya kuanza, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo na pia ule mpangilio unaoingiza wimbo mmoja juu ya mkia wa mwingine. Nyimbo hizi zinaanza na kuisha kwa utulivu, na programu ikizipandanisha unapoteza ule ukimya mfupi ambao ni sehemu ya albamu. Rudia siku ya pili. Mara ya kwanza sikio hushika sauti yake tu, na gitaa huanza kujitokeza mara ya pili.

Ya pili iwe XO ya mwaka 1998, albamu yake ya kwanza kwa lebo kubwa ya DreamWorks. Utunzi ni uleule, ila sasa kuna piano, dramu na vyombo vya nyuzi. Sikiliza "Sweet Adeline", wimbo unaoifungua. Mwanzoni ni yeye na gitaa lake, unadhani bado uko kwenye albamu iliyopita, kisha ghafla dramu, piano na sauti zilizorundikwa zinaingia kwa pamoja. Katika hatua hiyo moja unasikia alikotoka na alikofika. Ukimaliza na "I Didn't Understand", ambao hauna chombo hata kimoja, ni sauti yake tu iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, utakuwa umemjua.

Hapo ndipo urudi nyuma: albamu ya 1995 inayoitwa kwa jina lake, Elliott Smith, kisha Roman Candle ya 1994. Hizi mbili ni kavu na za karibu sana, karibu kila kitu ni gitaa na sauti ya chini. "Needle in the Hay" hauna dramu wala besi. Mkono unakwaruza nyuzi kwa mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho, na ubishi huohuo wa mkono ndio unaoupa wimbo mvutano. Aliyeanzia hapa mara nyingi husikia mnong'ono na mvumo wa kaseti. Aliyetoka XO husikia nyimbo zilezile nzuri, ila zimevuliwa nguo.

Kisha Figure 8 ya mwaka 2000, ndefu na yenye rangi nyingi, nyimbo 16. Ugawe mara mbili, nane kwa nane, maana nusu ya pili huonewa na masikio yaliyochoka. From a Basement on the Hill (2004) iwe ya mwisho, na tutaieleza chini. Mkusanyo wa New Moon (2007), nyimbo 24 za miaka ya 1994 hadi 1997, uuache hadi umemaliza zote. Ni hazina kwa anayemjua, lakini haukupangwa naye kama albamu.

Kwa nini sauti yake inasikika kama watu wawili wananong'ona pamoja? Ni mashine? Nina kompyuta na maikrofoni ya kawaida, nataka kujaribu nyumbani.

Si mashine, ni yeye mara mbili. Aliimba mstari mzima, kisha akauimba tena juu ya ule wa kwanza, na hakuna binadamu anayeweza kurudia mstari bila tofauti ndogondogo za wakati na kimo. Tofauti hizo ndizo zinazofanya sauti iwe nene na laini kwa pamoja. Vaa hedifoni, kisha vua upande mmoja kwanza, halafu mwingine. Katika baadhi ya nyimbo utasikia kila sikio lina Elliott wake.

Nyumbani fanya hivi. Rekodi gitaa kwanza, likae tayari. Weka maikrofoni umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, ikiwa imeinama pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge moja kwa moja. Imba kwa sauti ya kuongea, si ya jukwaani. Ukiridhika, rekodi mara ya pili huku ukijisikiliza ile ya kwanza katika sikio moja tu. Sikio la pili liache wazi ujisikie unavyoimba sasa. Kisha peleka moja kushoto na nyingine kulia. Ukitaka zote zikae katikati, shusha ile ya pili desibeli 3 hadi 6.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kunakili rekodi ya kwanza na kuiita ya pili. Nakala mbili zinazofanana kabisa hazileti unene wowote, zinaongeza ukubwa wa sauti tu. Ukiisogeza nakala mbele milisekunde ishirini kuficha ujanja huo, sauti itakuwa kama inatoka ndani ya bomba, hasa ikichezwa kwenye simu yenye spika moja. Imba tena, hakuna njia ya mkato.

Kosa la pili limo kwenye konsonanti. Chukua neno "usiku". Irabu zikipishana kidogo hakuna atakayejua, lakini "s" zikipishana unasikia "us-siku", mizomeo miwili kama nyoka wawili. Dawa yake: katika rekodi ya pili, imba irabu kamili na "s" uimeze nusu. Fanya hivyohivyo kwa "t" na "k" zinazofungua maneno. Kisha pitia rekodi ya pili na ukate pumzi zote, ubakize za rekodi ya kwanza tu. Pumzi mbili kwa mpigo huchosha sikio kuliko kosa la kimo. Usirekebishe kimo kwa programu. Ukizinyoosha sauti zote mbili zikalingana kabisa, umeufuta ule utofauti uliokuwa unautafuta.

Nimejifunza kordi za nyimbo zake kadhaa. Nikipiga peke yangu ziko sawa, nikipiga pamoja na rekodi hazilingani hata kidogo. Nakosea nini?

Huenda hukosei kordi. Nyimbo zake nyingi alizipiga gitaa likiwa limeshushwa toni nzima. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba iwe D, G, C, F, A, D, badala ya E, A, D, G, B, E. Maumbo ya vidole yanabaki yaleyale. Ukishusha hivyo nyuzi hulegea, na ulegevu huo ni sehemu ya sauti yake: noti inakuwa na kiza kidogo, na vidole huteleza kwa urahisi zaidi. Nyuzi zako zikigonga shingo ya gitaa na kutoa mlio wa zzz, tumia seti nene zaidi, inayoanza na 0.012 au 0.013 (unene wa uzi mwembamba kwa inchi), si 0.010.

Ukishusha na bado kuna pengo dogo, chini ya nusu toni, usilaumu sikio lako. Roman Candle ilirekodiwa kwenye mashine ya kaseti yenye njia nne, na mashine za aina hiyo hazizunguki kwa mwendo uleule kila wakati. Tyuni kwa kusikiliza rekodi yenyewe na uache kifaa cha kutyuni pembeni.

Na kabla ya kukimbilia "Angeles", ambao vidole vinadonoa kwa kasi bila kupumzika, jifunze "Waltz #2". Hesabu ni moja-mbili-tatu, dramu zinakuonyesha tangu mwanzo, na kordi zake zitakufundisha jinsi alivyokuwa akisogeza besi ngazi kwa ngazi chini ya mstari wa sauti.

Majina yananichanganya. Wimbo nilioutafuta si huo unaonijia.

Hilo lina sababu, dada. "Somebody That I Used to Know" ya Elliott Smith iko kwenye Figure 8 ya mwaka 2000. Ule wa Gotye uliovuma miaka kumi na zaidi baadaye ni wimbo mwingine kabisa, kwa hiyo andika jina la mwimbaji pamoja na la wimbo. Katika XO, "Waltz #2" unatangulia, ni wa tatu, na "Waltz #1" unafuata baadaye, ni wa nane. Hakuna kilichoharibika kwenye programu yako. "No Name" namba 1 hadi 4 ziko Roman Candle, namba 5 iko Either/Or. "Pretty Mary K" ya Figure 8 na ile ya New Moon ni nyimbo mbili tofauti zenye jina moja. Na "Miss Misery", wimbo wa filamu ya Good Will Hunting aliouimba kwenye sherehe za Oscar tarehe 23 Machi 1998, haumo katika albamu zake sita. Utafute kwenye albamu ya muziki wa filamu hiyo. New Moon ina toleo la awali lenye maneno tofauti, na ni vizuri kulisikia baada ya lile la filamu, uone alichokibadilisha.

Kuna Roman Candle ya zamani na ya 2010. Zina tofauti ya maana?

Ipo, na inasikika. Kwa toleo la 2010, Larry Crane, anayetunza kumbukumbu za rekodi zake, alipunguza mikwaruzo ya vidole kwenye nyuzi na ukali wa "s", ambavyo vilikuwa vinachoma sikio. Kwa hedifoni na kwa mara ya kwanza, tunapendekeza hilo la 2010. Anayejifunza gitaa asikilize la zamani pia, kwa sababu mikwaruzo inakuambia mkono unahama lini na kwenda wapi. Katika toleo lolote usipandishe sauti sana mwanzoni ukidhani rekodi ni hafifu. Chumba kikiwa kimya, sauti ya kiasi cha mazungumzo inatosha.

Nimefika From a Basement on the Hill na nimesita. Je, kweli ni albamu yake? Na nikiri, usiku nikimsikiliza mfululizo nalemewa.

Ukiondoa "Ostriches & Chirping", kipande kifupi kisicho na maneno, nyimbo ni zake, amezitunga na kuziimba mwenyewe. Lakini alifariki kabla ya kuikamilisha, na waliochanganya sauti za mwisho ni Rob Schnapf, aliyefanya naye kazi kwenye albamu zilizotangulia, na Joanna Bolme, mpenzi wake wa zamani. Kwa hiyo maneno na melodi zichukue kama neno lake mwenyewe. Mpangilio wa nyimbo, na uamuzi wa gitaa lipi likae mbele, usiupimie Either/Or. Anza na "Twilight" na "A Fond Farewell", ambazo ziko karibu na Elliott unayemjua, kisha "Coast to Coast" wenye kelele zake. "Pretty (Ugly Before)" aliutoa mwenyewe kwenye santuri ndogo mwaka 2003.

Kuhusu kulemewa, tunakujibu kwa uzito uleule ulioandika nao. Usiisikilize albamu hii usiku wa manane ukiwa peke yako na moyo tayari uko chini. Isikilize mchana, nyimbo tano tu, kisha uzime. Ukiona uzito haukuachi hata muziki ukiwa umezimwa, au unadumu siku hadi siku, hilo si jambo la muziki tena: zungumza na mtu unayemwamini, au daktari, na usingoje.

Na ukitaka kumsikia akiwa na nguvu nyingine, tafuta Mic City Sons ya 1996, albamu ya tatu na ya mwisho ya bendi yake ya Heatmiser. Kuna magitaa ya umeme, kuna wenzake, na "Plainclothes Man" tayari ni Elliott wa Either/Or aliyesimama mbele ya bendi. Wimbo wa mwisho ukiisha usizime CD, iache iendelee: "Half Right" umefichwa hapo nyuma, na ndio uleule unaofunga New Moon.